Alexandra ya Johannesburg: kitongoji ambacho Waafrika walikinunua kwa hati kabla sheria haijawafungia mlango

Wanajukwaa, salaam.

Mazungumzo ya vitongoji vya watu weusi vya Afrika Kusini yakianzishwa humu, huanza na Soweto na kuishia Soweto, na akitokea mtu wa kutaja kingine, basi atataja Sophiatown kwa sababu ilibomolewa. Naomba safari hii tukae na Alexandra, ambayo wenyeji wake huiita Alex, kwa kuwa historia yake inaonyesha jambo ambalo Soweto haiwezi kutuonyesha, yaani yale yanayotokea pale mtu mweusi anaposhika hati ya kiwanja katika nchi iliyokwisha kuamua kwamba hastahili kuwa nayo. Sehemu kubwa ya Soweto ilijengwa na mamlaka za wazungu ili wafanyakazi weusi wapange humo kwa muda ambao nguvu zao zingehitajika mjini. Alexandra ilinunuliwa na wakazi wake wenyewe.

Hoja yangu ni kwamba karibu kila kitu kinachoitambulisha Alexandra, ukiwemo msongamano wake, ukaidi wake wa kisiasa na hata ugomvi wa nyumba unaoendelea mpaka leo, kina mzizi katika hati zile za mwanzo. Wengi wanaokitazama kitongoji hiki kutoka ndani ya gari wakielekea Sandton, eneo la jirani la matajiri na ofisi kubwa, huona mabati na takataka, wakahitimisha kwamba ni umaskini tu. Umaskini upo na ni mkali, lakini peke yake hauelezi kwa nini mahali padogo kiasi hiki, pasipofika hata kilomita 8 za mraba, palishindikana kufutwa na serikali iliyokuwa imefuta maeneo mengine ya namna hiyo.

Mwaka 1904 mwenye shamba mmoja aliyeitwa H. B. Papenfus alipima viwanja katika shamba lake kaskazini mashariki mwa Johannesburg, akakusudia yawe makazi ya wazungu, na akayapa jina la mkewe, Alexandra. Wazungu hawakuvutiwa, kwa maana katikati ya mji palikuwa mbali, kama kilomita 14, na usafiri wa kuaminika haukuwepo. Mwaka 1912 viwanja hivyo vikatangazwa upya kuwa vya Waafrika pamoja na watu ambao sheria iliwaweka katika kundi la machotara, nao wakaruhusiwa kununua na kumiliki kabisa. Juni 1913 ikapitishwa Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowakataza Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ambayo yote kwa pamoja yalikuwa takriban asilimia 7 ya nchi. Alexandra ilikuwa imekwisha kutangazwa, kwa hiyo ikapona. Zilikuwepo sehemu nyingine chache za namna hiyo, kama Sophiatown yenyewe na Lady Selborne ya Pretoria, na zote mbili zilikuja kuvunjwa.

Ili kuielewa Alexandra ni lazima kuuelewa ua wake. Mnunuzi wa kiwanja hakuwa tajiri. Wengi waliuza mifugo au walikusanya mishahara ya miaka mingi, wakatoa malipo ya kwanza na kubaki na deni la kulipa kidogo kidogo. Kwa hiyo mwenye kiwanja alijenga kwanza nyumba yake ya matofali ikitazama barabara, kisha nyuma yake akaongeza safu ya vyumba kufuata mpaka wa kiwanja, kila chumba na mlango wake, kila mlango familia yake, na milango yote ikitazamana katika uwanja mmoja wenye bomba moja la maji na choo cha ndoo. Kodi za vyumba ndizo zilizolipa deni la kiwanja. Watoto wa mwenye nyumba na watoto wa wapangaji walicheza pamoja wakizungumza Kizulu, Kisotho, Kitswana na lugha nyingine ndani ya ua mmoja, wakati ambapo serikali katika maeneo yake ilikuwa ikijitahidi kuwapanga watu mtaa kwa mtaa kufuata makabila. Nasisitiza habari ya ua kwa sababu nitairudia tutakapofika miaka ya 1980.

Utawala wa mahali hapo ulikuwa wa ajabu tangu mwanzo. Alexandra ilikuwa nje ya mipaka ya manispaa ya Johannesburg, na manispaa ilikataa kabisa kuibeba kwa hoja kwamba si eneo lake, ingawa wakazi walikuwa wakiamka kila alfajiri kwenda kufanya kazi katika viwanda, maduka na jikoni za Johannesburg. Kuanzia mwaka 1916 iliendeshwa na kamati ya afya isiyokuwa na fedha wala mamlaka ya kutosha. Barabara hazikuwekwa lami, maji machafu yalitiririka kuelekea mto Jukskei, na umeme haukuwepo, ndiyo maana watu wakauita mji huo Mji wa Giza. Zahanati iliyofunguliwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1929, ambayo baadaye ilifanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ilibeba mzigo ambao serikali ilikuwa imeukwepa. Kisha wazungu wa vitongoji vya jirani wakaanzisha chama mwaka 1938 kudai Alexandra iondolewe, hoja yao ikiwa ni magonjwa, uchafu na uhalifu. Uhalifu ulikuwepo kweli, na katika miaka ya 1950 magenge ya Spoilers na Msomi yaliwatesa wakazi kiasi cha kuwatoza fedha nyumba kwa nyumba. Hata hivyo, anayemnyima mtu maji, taa na polisi wa kumlinda, kisha akadai afukuzwe kwa sababu ni mchafu na haishi kwa amani, hana nia ya kuondoa uchafu, bali anaitaka ardhi.

Nelson Mandela alipokimbilia Johannesburg mwaka 1941 akiwa kijana asiyekuwa na kitu, alipata chumba Alexandra, katika barabara ya saba, uani kwa familia ya Xhoma. Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, na mara nyingi alitembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini ili kuokoa nauli. Familia iliyompangisha haikuwa na uwezo mkubwa, lakini kila Jumapili ilimpa chakula cha mchana bure, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba mara nyingi hicho ndicho kilikuwa chakula chake pekee cha moto kwa wiki nzima. Miaka mingi baadaye alisema kwamba Orlando, sehemu ya Soweto alikohamia baadaye, alikuwa na nyumba lakini hakukuwa kwao, na Alexandra palikuwa kwao ingawa hakuwa na nyumba.

Sasa tuje kwenye mabasi, maana hapo ndipo Alexandra ilipojifunza nguvu zake. Mkazi wa Alexandra hakuwa na treni karibu, wala hakuwa na haki ya kuishi karibu na kazi yake, hivyo basi lilikuwa sehemu ya mshahara wake. Nauli ikipanda, mshahara umeshuka. Mwaka 1940 watu walisusia mabasi baada ya nauli kupandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5. Agosti 1943 wakasusia tena, watu wapatao elfu kumi wakiandamana kwa miguu kuelekea mjini, Mandela akiwa miongoni mwao, na baada ya siku 9 za mabasi matupu nauli ikarudishwa peni 4. Kuanzia Novemba 1944 walitembea kwa majuma saba.

Mgomo mkubwa kuliko yote ulianza Jumatatu ya tarehe 7 Januari 1957. Kampuni ya mabasi ya PUTCO ilikuwa imetangaza tena kupandisha nauli kutoka peni 4 hadi 5. Peni moja kwa safari ni peni mbili kwa siku, na kwa siku sita za kazi ni shilingi nzima kwa juma, katika familia ambazo shilingi ilikuwa mkate na paraffini. Neno lililopita kutoka ua hadi ua lilikuwa "Azikhwelwa", yaani mabasi hayapandwi. Maelfu kwa maelfu ya watu walitembea kilomita kama 15 asubuhi na kilomita hizo hizo jioni, katika mvua na jua la kiangazi cha huko, kwa takriban miezi mitatu. Wafuaji waliokwenda kuchukua nguo za wazungu walirudi na mafurushi kichwani. Baadhi ya wazungu wenye magari walisimama njiani kuwachukua watembeaji, na polisi wakawa wanawasimamisha madereva hao kwa makosa ya kuzidisha abiria, wanakagua pasi (vibali ambavyo mtu mweusi alilazimika kutembea navyo) za waenda kwa miguu na kutoa upepo katika matairi ya baiskeli. Waziri wa uchukuzi, Ben Schoeman, alitamka kwamba serikali haitanyenyekea. Mgomo ukasambaa hadi Sophiatown na Pretoria, na wakazi wa Soweto walisusia kwa mshikamano ingawa nauli zao hazikuguswa.

Uliisha kwa ushindi wa peni moja. Wafanyabiashara wa Johannesburg, waliochoka kuwapokea wafanyakazi waliokwisha kuchoka kabla kazi haijaanza, walitoa fedha za kufidia tofauti ili abiria aendelee kulipa peni 4, na baadaye mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuwatoza waajiri mchango kwa ajili ya usafiri wa wafanyakazi wao weusi. Serikali ya makaburu, iliyokuwa na jeshi na polisi, ililazimika kutunga sheria kwa sababu watu wa kitongoji kimoja walikataa kupanda basi. Sijui ushindi mwingine wa kiuchumi wa raia weusi katika muongo huo uliokuwa wazi namna hiyo.

Adhabu haikuchelewa. Mwaka 1958 Alexandra iliwekwa chini ya bodi ya serikali iliyosimamia maeneo ya pembezoni mwa miji, na kazi ya bodi hiyo ilikuwa kuwapunguza watu. Wenye hati walishurutishwa kuuza, wasiokuwa na vibali vya kufanya kazi Johannesburg walikamatwa, na katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata makumi ya maelfu ya wakazi walipakiwa katika malori na kupelekwa Soweto na Tembisa, huku waliohesabiwa kuwa machotara wakipelekwa kwenye maeneo yao. Mwaka 1963 serikali ikatangaza mpango wenyewe: Alexandra isiwe tena mahali pa familia, bali iwe mji wa mabweni, mabweni 25, kila moja la kulaza watu wapatao 2,500, wanaume peke yao na wanawake peke yao.

Nawaomba msome sentensi hiyo tena. Mume angepangiwa bweni lake, mke bweni lake, na watoto wangetafutiwa mahali pengine. Mabweni ya kwanza yalikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakiwa na milango ya chuma iliyoweza kufungwa ili kuzitenga sehemu za jengo pindi ghasia zikitokea. Watumishi wa nyumbani waliolala katika majumba ya wazungu walihesabiwa kuwa tatizo, na dawa iliyobuniwa ilikuwa kuwalaza katika jengo moja karibu na Sandton, wawe tayari kwa kazi kila alfajiri bila kuwa na nyumba, mume wala mtoto wa kuwapunguzia muda. Kati ya mabweni hayo 25 yalijengwa machache tu, na bado yanasimama juu ya kilima, makubwa kuliko kila kitu kinachoyazunguka.

Mpango huo ulikufa mwaka 1979. Juni 1976 vijana wa Alexandra walikuwa wameingia barabarani siku mbili tu baada ya wanafunzi wa Soweto kuanza maandamano yao, na baadhi yao walipigwa risasi na kufa. Serikali ikaanza kuona gharama ya kuwasukuma watu zaidi. Mchungaji Sam Buti aliongoza kampeni ya kuiokoa Alexandra, na waziri Piet Koornhof akatangaza kwamba familia zitabaki. Kufikia wakati huo hati nyingi zilikwisha kuchukuliwa. Watu walibaki, lakini wengi wao walibaki kama wapangaji wa serikali juu ya viwanja ambavyo baba zao walivilipia.

Naishia hapa kwa sasa ili tujadili, nitaendelea kulingana na maswali.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Naomba lakini nikupinge kwa heshima. Naona umewapamba sana wenye viwanja. Wapangaji walikuwa wengi kuliko wao mara nyingi, na ni hao wapangaji waliobanwa chumba kimoja familia nzima huku mwenye nyumba akiongeza chumba juu ya chumba. Msongamano huo haukuletwa na makaburu peke yao. Kumiliki ardhi hakumfanyi mtu kuwa mkombozi wa jirani yake.

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ni nzito na sina nia ya kuizunguka. Ugomvi wa wenye viwanja na wapangaji ulikuwepo tangu mapema, na mwaka 1946 hadi 1947 wapangaji waliochoshwa na kodi, wakiongozwa na Schreiner Baduza, walivamia viwanja vya wazi vya Alexandra na kujenga vibanda vyao wenyewe hadi walipoondolewa. Hata hivyo, zingatia kwamba mwenye nyumba aliishi ndani ya ua ule ule, alichota maji kwenye bomba lile lile, na nauli ya basi ilimuumiza kama ilivyomuumiza mpangaji wake. Katika maeneo ya manispaa mpangaji aliyegombana na msimamizi wa kizungu aligombana na dola yenyewe, na angeweza kupoteza nyumba pamoja na haki ya kuwa mjini. Ua wa Alexandra ulikuwa na dhuluma zake ndogo ndogo, lakini haukuwa na karani wa serikali mlangoni, na nafasi hiyo ndiyo iliyowawezesha watu kukutana, kuchangishana na kupanga mambo.

Ushahidi ninaoutegemea ni wa mwaka 1986. Februari mwaka huo, baada ya mazishi ya kijana mmoja, polisi na wakazi walipambana kwa siku kadhaa, mapambano ambayo wenyeji wanayaita Vita vya Siku Sita, na ile zahanati niliyoitaja ikawa inapokea majeruhi wa risasi usiku na mchana. Machi 5 maelfu ya watu walijaa katika uwanja wa michezo kuwazika marehemu 17 kwa pamoja. Wakati huo ndipo ilipokuwa ikiimarika Kamati ya Utekelezaji ya Alexandra chini ya Moses Mayekiso, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Muundo wake ulianzia uani: wakazi wa ua mmoja, mwenye nyumba na wapangaji pamoja, walichagua wawakilishi wao, nyua zikaunda kamati ya mtaa, na mitaa ikaunda kamati kuu. Walizoa taka ambazo halmashauri ilikuwa imeacha kuzizoa, wakasuluhisha ugomvi wa majirani, wakasusia kodi. Madiwani walijiuzulu, akiwemo Buti aliyekuwa amekuwa meya.

Serikali iliona hatari ya jambo hilo kuliko ilivyoona hatari ya mawe. Mayekiso na wenzake walikamatwa, wakashitakiwa kwa uhaini, na hoja ya mashtaka ilikuwa kwamba kuunda kamati hizo ni kuinyang'anya dola mamlaka yake. Mwaka 1989 mahakama iliwaachia huru. Mimi nasema kwamba kamati ile ilisimama haraka kwa sababu ua ulikuwa umekwisha kuwafundisha watu kuendesha mambo yao kwa miaka 70, na kwa hapo ninakubaliana nawe kwamba sifa ni ya wapangaji sawa na wenye hati.

Mchangiaji wa pili:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwenyeji wa Morogoro, na wazee wetu wanawakumbuka vizuri wapigania uhuru wa ANC waliokaa Mazimbu na Dakawa. Tumezoea kusikia kwamba wengi walikuwa vijana wa Soweto waliokimbia baada ya 1976. Je, mleta mada, Alexandra nayo ilifika kwetu?

Mleta mada:

Ilifika mapema kuliko Soweto ya 1976, ndugu yangu, na ilifika katika ngazi ya juu ya uongozi. Alfred Nzo alikuwa mkaguzi wa afya Alexandra katika miaka ya 1950, yaani kazi yake ya kila siku ilikuwa kukagua nyua zile zenye vyoo vya ndoo na maji yanayotiririka njiani, na alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa mabasi wa 1957. Alipoteza kazi yake kwa sababu ya siasa, na kwa kuwa kibali chake cha kuishi pale kilitegemea kazi hiyo, akakamatwa kwa kukaa bila kibali. ANC ilipofanya mkutano wake mkubwa Morogoro, kuanzia mwishoni mwa Aprili 1969, ndipo Nzo alipokuwa katibu mkuu, wadhifa alioushika kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Mandela. Thomas Nkobi, kiongozi mwingine wa mgomo ule, alikuja kuwa mweka hazina mkuu wa ANC uhamishoni.

Yupo pia mama ambaye ningependa wasomaji wa Morogoro wamfahamu zaidi, Florence Mophosho. Alizaliwa Alexandra, aliacha shule kwa ajili ya shida za nyumbani, akafanya kazi za ndani, na akaingia katika harakati wakati wa kampeni ya ukaidi ya 1952, ya kuvunja kwa makusudi sheria za ubaguzi. Mwaka 1964 alitoroka nchini kwa amri ya chama na kuja Tanzania, na baadaye aliongoza kazi za wanawake wa ANC uhamishoni. Alifariki mwaka 1985 bila kuiona Alexandra huru. Leo barabara za kitongoji hicho zina majina ya Nzo na ya Mophosho.

Kuhusu Mazimbu yenyewe uko sahihi. Lilikuwa shamba la mkonge la zamani ambalo serikali ya Tanzania iliwapa ANC mwaka 1977 ili wajenge shule kwa ajili ya vijana waliokuwa wakimiminika baada ya Juni 1976. Shule ilichukua jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi, Pretoria, aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979, na majengo yake sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta mada, mimi dada yenu niliwahi kuishi Johannesburg kwa miaka kadhaa. Nimesoma kwa makini ila naona unaisifu Alex bila kutaja kwamba mauaji ya wageni ya 2008 yalianzia pale pale. Sisi Waafrika wenzao tulilala na viatu miguuni. Hilo nalo unalifunga kwenye hati za 1912?

Mleta mada:

Dada yangu, pole kwa uliyoyapitia, na umefanya vyema kulileta. Ni kweli kwamba mashambulizi yalianza Alexandra tarehe 11 Mei 2008, yakasambaa katika nchi, na watu 62 wakauawa, theluthi moja yao wakiwa raia wa Afrika Kusini wenyewe waliodhaniwa kuwa wageni au waliotoka makabila ya mbali. Hakuna historia inayoweza kuyahalalisha, wala sitajaribu. Kitongoji kilichokuwa kimepokea watu wa kila lugha katika nyua zake ndicho kilichowageuka jirani zake, na wakazi wengi wa Alexandra wanaona aibu hiyo mpaka sasa.

Lakini ukiniuliza kama hati zimo katika habari hii, nasema zimo, kwa sehemu. Baada ya 1994 watu waliingia Alexandra kwa wingi kutoka vijijini, Zimbabwe na Msumbiji, kwa sababu iko karibu na kazi za Sandton kuliko kitongoji kingine chochote. Sensa ya 2011 ilihesabu watu karibu 180,000 katika eneo lile lile dogo. Mwaka 2001 Rais Thabo Mbeki alitangaza mradi mkubwa wa kukiboresha kitongoji kwa bajeti ya randi bilioni 1.3 kwa miaka saba. Nyumba zilijengwa, hasa ng'ambo ya mto Jukskei, lakini katikati ya Alexandra ya zamani kazi ilikwama, kwa kuwa familia zilizonyang'anywa viwanja zilikuwa zimewasilisha madai chini ya sheria ya kurejesha ardhi ya mwaka 1994, na wamiliki hao walikwenda mahakamani kuzuia viwanja vyao visigawiwe watu wengine kabla madai hayajaamuliwa. Kwa upande mmoja yupo mjukuu wa mnunuzi wa mwanzo mwenye karatasi za babu yake. Kwa upande mwingine ipo familia iliyozaliwa katika chumba cha uani na kulipa kodi kwa vizazi vitatu. Na kati yao kibanda kingine cha mabati kinaongezwa kila mwezi kwa mgeni asiyekuwa na karatasi ya aina yoyote. Nyumba chache mpya zilipotoka, tuhuma za rushwa katika ugawaji zikaenea, na hasira ikamwendea yule asiyekuwa na mtetezi. Mwaka 2019 watu walifunga barabara tena wakidai huduma na kulalamikia ujenzi holela, na malalamiko mengi yalikuwa yale yale.

Maoni yangu binafsi, ambayo najua wamiliki wa zamani hawatayapenda, ni kwamba ardhi ya nyua za zamani haiwezi tena kurudishwa kama ilivyokuwa mwaka 1958 bila kuwafukuza watu wengi kuliko waliofukuzwa na makaburu. Serikali inapaswa kuzitambua hati hizo hadharani, kuzilipa kwa bei inayolingana na ardhi iliyo mkabala na Sandton na si kwa bei ya kitongoji cha maskini, kisha iwape wapangaji waliopo haki ya kudumu juu ya vyumba wanavyoishi, raia na mgeni mwenye kibali kwa masharti yale yale. Fedha za kufanya hivyo ni nyingi, lakini kila mwaka unaoongezeka bila uamuzi unaongeza safu nyingine ya vyumba juu ya mgogoro huo huo.